Shavu la Kushoto

Kwa siku tisa Gati alitembea na nyuso mbili. Shavu la kushoto alilipaka seramu ya kulainisha ngozi, la kulia mafuta ya mgando aliyoyazoea, na kila mara aliwaacha dagaa wake juani akakimbilia kipande cha kioo kuona lipi linashinda.

Hakuna lililoshinda. La kushoto ndilo lililozidi kuvuta, kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma.

Kichupa chenyewe hakikuzidi kidole gumba, na kilimgharimu bei ya ndoo mbili za dagaa. Zilibaki siku tano tu. Jumamosi alitakiwa Nyamuswa, kwa akina Mhoja, kwa ajili ya posa, waonane ana kwa ana.

“Gati we, utachubuka,” alisema Nyangi, jirani aliyeanika naye dagaa pale ufukweni Mwigobero. “Mhoja ana miaka mingapi vile?”

“Ishirini na minne.”

“Ungemzaa.”

“Ningemzaa.” Gati akawageuza dagaa aliokuwa amewageuza sasa hivi.

“Na si ameshasema hataki mtu wa kuuguza? Kule Nyegina walikuangaliaga mara moja tu, wakasema umekauka.” Nyangi akaokota dagaa mmoja, akamsogeza karibu na shavu la mwenzake, akalinganisha, akacheka mpaka akakaa chini.

Gati alicheka pia, lakini moyo haukutulia. Mumewe, Masatu, alikufa miaka kumi na mmoja iliyopita bila kuacha mtoto. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba mchana alisikia mabati yakilia kwa jua. Akikataliwa mara ya pili habari zingesambaa, na hakuna ukoo ambao ungemfungulia tena mlango.

Akachukua kichupa, akaenda mjini kukirudisha.

“Haifanyi kitu,” alimwambia Jeska, msichana wa duka la vipodozi, ambaye alikuwa amehamia Musoma mwezi uliopita tu.

“Shikamoo, mama. Unapaka uso ukiwa mkavu?”

“Marahaba. Sasa nipake ukiwaje?”

“Ukiwa na maji. Hii inashika maji inayoyakuta. Isipoyakuta, inayavuta ya kwako mwenyewe, ndiyo maana ngozi inakaza. Halafu juu yake unafunika na mafuta, maji yasitoke.”

“Mafuta gani?”

“Hata ya mgando.”

Gati akagusa shavu moja, kisha la pili. Siku tisa alikuwa amevigombanisha vitu vilivyotakiwa kwenda pamoja.

“Mama ana sherehe?” Jeska aliuliza.

“Nataka watoto nyumbani. Wanichafulie uwanja.”

Jeska akautazama ule uso wa miaka hamsini na kitu. Akampa Gati kichupa chake.

Siku zilizobaki Gati alinawa, akapaka seramu uso ukiwa umelowa, akafunika na mafuta. Siku ya tatu ngozi ililegea. Siku ya nne Nyangi aliacha utani, akauliza duka liko wapi. Gati mwenyewe hakuridhika. Ndoo mbili za dagaa ni nyingi kwa kitu kisichojua kufanya kazi peke yake, na bado hakujua ashukuru seramu, maji au mafuta.

Jumamosi alipanda pikipiki akiwa amejifunika kanga usoni, vumbi lisimharibie. Nyangi alifuata na nyingine. Huko Nyamuswa walikaribishwa kwenye viti vya plastiki. Gati akakaa, akasimama, akakaa tena. Jasho likaanza kumtoka, hakuthubutu kulifuta.

Baba yake Mhoja akaita kuelekea ndani. “Mhoja. Njoo umwone mwenyewe.”

Mhoja akatoka, akasimama hatua mbili kutoka kwenye kiti cha Gati. Akaanza na paji la uso, akashuka mashavuni, la kushoto kisha la kulia, bila haraka.

“Unasemaje?” mzee aliuliza. “Hapa hakuna anayelazimishwa.”

“Nilikuwa naogopa nitapewa wa kuuguza,” Mhoja alisema taratibu. “Huyu bado ana nguvu. Nimekubali.”

Mzee akaitikia kwa kichwa.

“Basi, binti yangu, piga goti umsalimie Gati. Kwa mila yetu ya mwanamke kumwoa mwanamke, ndiye mume wako, na utakaowazaa ni watoto wake.”