Chapa ya Tajiri

Golikipa wa Iringa aliurukia mpira, akaukosa, akaanguka miguu juu mbele ya Bi Tupokigwe, shabiki mwenye mdomo kuliko wote Mbeya. Kwenye soli ya kiatu bibi akaona chapa ya moto: pembe mbili.

Ndiyo chapa ya ng'ombe wa tajiri wa mpunga wa Rujewa. Ndiyo iliyo kwenye viatu alivyowapa vijana wa Mbeya.

“Kumbe zizi ni moja,” alinong'ona.

“Mama, piga vigelegele!” jirani alimtikisa. “Senta fowadi wetu ana mpira, na goli tupu!”

Kitini pake jukwaani, tajiri alivua kofia taratibu, akaipakata.

Senta fowadi akaiona kofia. Akapunguza mbio.

Bibi akavimeza vigelegele, akageuka kumtazama tajiri.