Punda wa Kwenye Rejista

Saa moja asubuhi, Saad alikuwa amechuchumaa nyuma ya stoo ya idara ya usafi wa mji, akimsugua punda wa watu kwa shampuu ya mkewe. Shampuu yenyewe ya nazi, ya bei, na Ummi alikuwa bado hajajua. Hilo lingengoja. Kwanza mkaguzi.

Mkaguzi wa hesabu angefika saa tatu, na rejista ya mali ilisema waziwazi: wilbaro kumi na mbili, reki thelathini, punda dume mmoja, kijivu. Wilbaro zilikuwapo. Reki nazo zilikuwapo, ukihesabu na zile zisizo na meno. Punda ndiye hakuwapo.

Joram, mtunza stoo aliyemtangulia Saad, alimwambia siku ya makabidhiano kwamba mnyama huyo alikufa wakati wa mafuriko, na kwamba alimzika kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa machozi. Kisha Joram akastaafu, akaenda zake kijijini Adu kulima. Hakuacha barua ya daktari wa mifugo wala fomu ya kufuta mali, na bila karatasi hizo punda wa serikali hana ruhusa ya kufa.

Kwa hiyo miaka mitatu Saad alikuwa akimhamisha marehemu kutoka kitabu cha mwaka huu kwenda cha mwaka ujao, mzima wa afya. Nani angeuliza? Lakini sasa viwango vipya vya uhasibu vilitaka kila mali ya umma, hata yenye mkia, ionekane kwa macho, iguswe, ikadiriwe thamani. Isiyoonekana, mtunza stoo huilipa kutoka mfukoni mwake na kuandika barua ya kujieleza. Saad tayari alikuwa na barua mbili. Ya tatu ingemtoa kazini.

Ndiyo maana jana alasiri alikwenda mtaa wa Barani kwa Mzee Kaingu, ambaye punda wake ndiye aliyekodiwa na ofisi kuzoa taka kwenye vichochoro vya mji wa kale, kule gari lisikopita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo si siku ya taka?"

"Kesho namtaka kwa hisani tu. Asimame, atazamwe, arudi."

"Atazamwe! Kwani kuna posa?"

"Wallahi, afadhali ingekuwa posa."

Mzee Kaingu alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akafungua kamba. "Mchukue. Mpole huyu. Tangu mwaka ule wa mafuriko niko naye, hajanipiga teke hata siku moja."

Bi Phoebe, mkaguzi, alifika saa tatu kamili, miwani ikining'inia kifuani, kalamu nyekundu mkononi hata kabla hajaketi. Alitaka hati za malipo kwanza. Saad akamkabidhi faili alilolipenda kuliko albamu ya harusi yake: faili la kukodi punda. Miaka mitatu ya stakabadhi, kila moja na sahihi yake, tarehe yake, muhuri wake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya rangi ya punda wa Mzee Kaingu, sikio la kulia limechanika.

"Miaka minane naifanya kazi hii," alisema Bi Phoebe, akifunua polepole. "Sijaona faili safi namna hii."

Saad nusura acheze chakacha juu ya meza.

"Sasa nioneshe mali." Bi Phoebe alisimama, faili kwapani.

Punda, ambaye Saad alikuwa amemfunga langoni, alikuwa amejifungua kamba na kujipeleka mwenyewe nyuma ya stoo, akasimama chini ya tangi linalovuja kama mwenyeji. Aling'aa. Alinukia nazi. Mnyama huyu, Saad aliwaza kwa furaha, ni mwigizaji kuliko mimi.

"Anaitwa nani?"

Saad hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Taufiq," akaropoka.

"Kama mkuu wako wa idara?"

"Ni... kwa heshima yake, madamu."

Bi Phoebe aliandika, midomo ikimcheza. Kisha akatoa karatasi mkobani. "Rejista yenu imemwagikiwa na chai, mstari wa mwisho hausomeki. Hii ni nakala ya makao makuu. Inasema punda wa ofisi ana chapa ya wino ndani ya sikio la kushoto. Nambari kumi na nne."

Saad alisoma dua zote alizozijua, na ya safari akaongezea. Bi Phoebe aliwasha tochi ya simu, akalikunjua sikio, akainama. Alikaa humo muda mrefu sana.

"Moja," alisema. "Nne."

Saad hakuamini. Akaingiza kichwa naye. Wino ulikuwa umepauka, lakini nambari ilikuwa pale pale, kumi na nne, wala hakuna aliyeiandika leo. Furaha ilimpanda kichwani. Akamkumbatia punda shingoni, akambusu katikati ya macho, akaruka.

"Si nilikwambia, Bi Phoebe! Ni wetu huyu! Wetu tangu zamani, hajatoka hapa hata siku moja!"

"Ni wenu, sina shaka yoyote," alisema Bi Phoebe, akaweka tiki kwenye rejista. Kisha akalifungua lile faili safi, akaiinua ile picha ya rangi mpaka ikawa sambamba na sikio lililochanika. "Sasa niambie, Bwana Saad, huyu mmekuwa mkimkodi kwa nini?"