Pumzi za Hamimu

Fadhila alinusa kofia. Akanusa shati. Mwishowe akamsogelea mume wake pale mkekani, akamnusa ndevu.

"Kuna nini?" Hamimu aliuliza, akihema kama aliyebeba gunia la mchele kutoka Buterere.

"Apana kitu."

Na kweli hapakuwa na kitu. Ilikuwa karafuu tu, na hiyo karafuu ndiyo iliyomtia wasiwasi. Mtu ananuka sigara tangu siku ya ndoa, leo ananukia pilau? Haya basi. Mwenye kufuta nyayo, kuna mahali alipita.

Wakati ule wa vita, vikwazo vilizuia sukari, vikazuia petroli, lakini sigara zilipita mpakani Gatumba zikicheka. Hamimu alivuta za kwake, akavuta na za wenzake. Kaka yake Anouar alikwisha kuzikwa kwa kikohozi cha sigara hizohizo, wanawe wangali wadogo. Kisha katoto kao, Asiya, kakaanza kupiga miluzi kifuani kila baba akiwasha. Siku Hamimu aliporudi kutoka hospitali na picha ya mapafu yake, Fadhila hakutaka hata kuiona.

"Moja tu tena," alimwambia, "uvute moja tu, mi na mutoto tunaenda kwa mama, Carama. Na sirudi."

Hamimu aliapa. Lakini huyu alikuwa fundi wa magari wa Buyenzi, mwanaume wa kuinua injini peke yake, anayeogopa kuchekwa kuliko risasi. Tangu aape akawa na siri. Alirudi nyumbani midomo imevimba, macho mekundu, pumzi hazimtoshi. Ukimuuliza, anasema ni vumbi la gereji. Vumbi! Fadhila si mtoto.

Aliyemaliza yote ni Daphrose, jirani muuza ndizi.

"Mi siko mutu wa maneno, mama Asiya," alisema, naye hana kazi nyingine. "Lakini bwana yako anajifungiaka nyuma ya gereji na Sylvère, kila siku swala ya alasiri ikiisha. Mi nasikiaka kikohozi tu, we!"

Fadhila hakulia. Alikunja nguo zake na za mtoto, akafunga furushi, akambeba Asiya mgongoni. Ila kabla ya kwenda Carama alitaka kumshika kwa macho yake mwenyewe, amuage ana kwa ana. Njiani machozi yalimjia, akayameza kwa hasira. Alimpenda yule mjinga, na hilo ndilo lililomuuma.

Nyuma ya gereji mlango wa bati ulikuwa umefungwa. Akatega sikio.

"Polepole, we! Unataka kufa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Sylvère, fundi mwenzake.

Kikafuata kikohozi kirefu. Kisha Hamimu mwenyewe: "Leta ingine."

Leta ingine! Fadhila akainua mkono agonge.

PAA!

Miaka ile Bujumbura hakuna aliyengoja kuuliza. Mtaa mzima ulilala chini: mafundi chini ya magari, wateja mtaroni, muuza vitumbua juu ya vitumbua vyake. Fadhila alijitupa vumbini, akamvuta mtoto kifuani, akamfunika. Ndipo alipotambua mlio ulitokea wapi. Ulitokea ndani.

"Hamimu!" Sauti ilimtoka hata yeye hakuijua. "Ya Rabi, avute tu! Avute hata mbili mbili, mradi awe hai!"

Aliupiga mlango teke, ukafunguka.

Hamimu alikuwa amekaa juu ya tairi, mzima kabisa, mashavu yanamtetemeka, kipande cha puto jekundu kinaning'inia mdomoni.

"Mama Asiya!" alisema, meno yote nje. "Muganga alisema nitafune karafuu pahali pa sigara, na nipulize hizi kila siku mpaka mapafu yajaze moja. Leo nimeipasua!"