Koili Juu ya Kigoda

Amplifaya ilinguruma kama fahali. Nikodemo akaizima haraka.

"Ndivyo itakavyosema?" aliuliza mzee Wangwe, mkuu wa ukoo, huku akikohoa. "Watadhani tumewaletea lori."

Ng'ambo ya Mto Mara vijana wa kijiji chao, Kewanja, walikuwa wamechuchumaa na pinde zao, wakingoja ukungu uondoke wavamie kijiji cha Kenyamonta. Walikwenda kulipiza damu ya Marwa, aliyeuawa malishoni jana na watu wa huko. Walipokwisha kuvuka, mto ulifurika nyuma yao. Hakuna aliyeweza kuwafuata. Sauti tu ndiyo ingevuka, na kulikuwa na mtu mmoja ambaye wangemtii.

"Koili hii ni ndogo," Nikodemo alisema kwa sauti ya chini, akigusa kizingo cha waya ndani ya mashine. "Kazi yake ni kutuliza umeme wa jenereta. Umeme ukizidi, inalemewa, na mngurumo unapita. Utameza maneno yote."

"Basi weka ile kubwa."

Ile kubwa ilikuwa na waya mnene, nayo nzito kama jiwe la kusagia. Ingetuliza. Lakini karatasi zilizokinga waya wake zilikuwa zimechakaa. Volti mia tano zikirukia bati la amplifaya, valvu zote, zile taa za kioo zinazokuza sauti, zingeungua, na nyingine hazikuwapo.

Robi, jirani yake, alikuwa ameshika khanga yake juu ya mashine kuikinga na manyunyu. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa mpaka mgongoni. Kwa mkono wa pili akamsogezea Nikodemo kibuyu cha uji mdomoni.

"Kunywa, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Tangu jana hujaonja kitu."

Alikunywa funda moja, akamshukuru kwa macho. "Niletee kigoda kikavu."

Akaiweka koili kubwa juu ya kigoda cha mti, mbali na bati lolote, ili umeme usiwe na pa kurukia, akaunganisha nyaya.

"Ukungu unaondoka!" mzee Wangwe alisema. "Fanya upesi, wanasimama!"

Nikodemo akawasha. Valvu zikaanza kuwa nyekundu, polepole mno. Robi alifumba macho.

Kimya. Hakuna mngurumo.

Mzee Wangwe akachukua kipaza sauti, akakipangusa kwa shati lake, kisha akakiweka mkononi mwa Nikodemo.

"Mimi ni baba yake Marwa," Nikodemo alinong'ona, na bonde zima likasikia. "Damu ya mwanangu inatosha. Wekeni pinde chini. Mto ukishuka, njooni mnisaidie kumzika."