Mashua ya Chang'ombe

Batholomeo alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mashua, katikati ya Chang'ombe, Dodoma, mahali ambapo maji ya karibu yalikuwa kwenye ndoo ya jirani.

Ilikuwa mashua ya tanga, ya faiba, iliyoletwa na lori kutoka bwawa la Mtera bila mlingoti na bila aibu. Sasa ilisimama uani kwa Mzee Elisante, imeegemezwa kwa magogo. Pale tumbo lake linapoungana na mkuku, ule uti mzito wa chini, palikuwa na ufa. Batholomeo alikuwa bingwa wa kuziba bampa za magari, lakini mgonjwa wa namna hii alikuwa hajawahi kumtibu.

"Ikivuja tone, hakuna ndoa mwaka huu," Mzee Elisante alikuwa ametamka. Yasinta, mchumba wake Batholomeo, alikuwa binti yake wa pekee.

Basi Batholomeo akapiga msasa mpaka vumbi la faiba likampa mvi kama za mkwewe.

Mtaa ulimfariji kwa namna yake.

"Nahodha!" akaita Masudi wa bodaboda. "Unaelekea wapi, Bungeni?"

"Pisha njia, nisikugonge."

Mama Mwamvua, muuza maandazi mzaliwa wa Pangani, alimwonea huruma. "Mwanangu, kiraka cha chombo huwekwa nje. Maji si yanatokea nje?"

"Mzee kasema ndani, mama."

"Huyo mzee wako bahari kaionea wapi?"

"Kwenye kalenda."

Mama Mwamvua akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Batholomeo aliuheshimu ushauri wake, lakini alimpenda Yasinta zaidi. Akatandika kitambaa cha faiba kwa ndani, akakilowesha gundi, tabaka juu ya tabaka, huku akisali kimoyomoyo.

Jumapili asubuhi ua ulifurika watu. Lori la maji likarudi kinyumenyume, likatumbukiza mpira ndani ya mashua, likaijaza karibu na ukingo. Batholomeo akapiga magoti, akapapasa chini ya mkuku. Vumbi tupu. Kavu. Akashusha pumzi.

Kwaya ikaanza kuimba. Mzee Elisante, amevaa joho jeupe, akapanda ngazi, akashuka ndani mpaka maji yakamfika kiunoni, kisha akamnyooshea mkwewe mkono.

"Vua viatu, kijana," akasema Mchungaji Elisante, "na ukumbuke kubana pua."