Kombe Chini ya Jiwe

Udongo kwenye jiwe la mpaka ulikuwa mbichi. Burentau alichuchumaa, akaufikicha kwa vidole. Mtu alikuwa amechimba hapa siku si nyingi.

Ng'ambo ya jiwe, jirani yake Kaitara alikuwa anafua nazi. Sepetu yake ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Jirani," Burentau aliita, "hili jiwe limeota miguu?"

"Mawe hayaoti miguu, baharia," Kaitara alijibu bila kuinua kichwa.

Burentau alikuwa kwenye meli za mizigo miaka kumi na mmoja. Alipoondoka kisiwani, kati ya jiwe na maji kulikuwa na minazi ishirini na sita ya baba yake. Baba akafa. Sasa mtoto amerudi, anahesabu saba. Watu walimwambia mingine imeliwa na bahari. Sawa. Lakini bahari haichimbi kwa sepetu.

Usiku huo samaki wa kwanza kutoka chunguni alipelekwa kwa Kaitara. Ndivyo ilivyokuwa kila siku.

"Nilipokuwa safarini huyu alikuwa anakula hapa?" Burentau alimuuliza mkewe.

"Alikuwa analeta mbao," Meere alisema. "Unadhani nyumba hii ilijengwa upya na nani?"

"Jiwe langu limesogezwa, Meere."

"Liache hilo jambo, baba Rotia."

"Kwa nini?"

"Liache tu."

Hakuliacha. Kwenye maneaba, nyumba ya mikutano, kila ukoo una mahali pake pa kukaa kwa sababu ya ardhi yake. Asiye na ardhi husimama nje na mbwa. Miaka yote baharini Burentau alikuwa anaota kukaa pale alipokaa baba yake. Akawaita wazee wa ardhi.

Walikuja asubuhi, maji ya bahari yakiwa yamekupwa.

"Baba alizika gamba la kombe la baharini chini ya jiwe, liwe shahidi," Burentau aliwaambia. "Kubwa, lilibebwa na watu wawili. Lina alama tatu ukingoni. Jiwe likiwa mahali pake, kombe litakuwa chini yake. Chimbeni."

Walichimba mpaka kiunoni. Mchanga na mizizi tu.

Mzee Ioteba akamgeukia Kaitara. "Umelihamisha jiwe?"

"Nimelihamisha."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Watu wakaguna. Burentau akapiga makofi, akacheka. "Mmesikia! Kwa mdomo wake mwenyewe! Atolewe kwenye maneaba. Mwizi wa ardhi akasimame nje na mbwa!"

"Kombe liko wapi, Kaitara?" Ioteba aliuliza.

Kaitara alimtazama Meere, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. "Mzee, tuyaache. Kama ni kutolewa, nitolewe."

Burentau aliona lile jicho. Damu ikamchemka. Akanyakua sepetu, akavuka kwenda upande wa Kaitara na kuanza kuchimba. Hapakuwa na kombe. Akachimba mbele zaidi, akaingia kwenye shimo la magimbi la Kaitara, akayakatakata.

"Basi!" Meere alipiga kelele, akitoka mlangoni na kuja mbio hadi kwenye magimbi. "Unachimba upande sio, baba Rotia. Hilo kombe nalijua. Kila nikienda kuokota chaza nalikanyaga."

"Meere, usiseme," Kaitara alisema.

"Nitasema. Umekatiwa magimbi yako, umeitwa mwizi, unataka ufanyiwe nini tena?"

Akashika njia. Akalipita jiwe, akaipita nyumba yao, akaipita minazi saba, akafika ufukweni. Hakusimama. Aliendelea kutembea ndani ya maji, Burentau nyuma yake na sepetu mkononi, mpaka maji yakawafika magotini. Hapo Meere akainama na kufuta mwani kwa kiganja.

Burentau alizamisha mkono. Gamba lilikuwa limeng'ang'ania mwamba, halitikisiki. Alipapasa ukingo wake. Alama moja. Mbili. Tatu.

Akageuka taratibu. Wazee walikuwa wamesimama mchangani. Nyumba yake, minazi yake saba, hata kaburi la baba yake, vyote vilikuwa ng'ambo ya kombe, kwenye ardhi ya Kaitara.