Pishi ya Tatu

Bi Mize alikuwa akipima mchele wa zaka ya fitri kama kila mwaka: pishi yake, pishi ya bintiye Saumu, na ya tatu ya mumewe Kombo, ambaye hakuacha kudai kwamba kwa kitambi kile alistahili mbili.

"Mama, tuko wawili," Saumu alisema kwa upole.

"Baba yako kafunga mpaka leo."

"Kafunga, mama. Lakini fitri ni ya aliye hai jua likizama siku ya mwisho ya Ramadhani. Baba kaondoka asubuhi, na alasiri tumemzika."

Bi Mize aliitazama ile pishi iliyojaa.

"Mtu huyu kachelewa kila mahali. Hata kwenye ndoa yake walimngoja mpaka biriani ikapoa. Leo alikuwa na haraka ya nini? Angesubiri magharibi tu, Saumu. Magharibi tu."

Msikitini takbira za Idi zilikuwa zimeanza.

Bi Mize akaiinamisha pishi, mchele ukarudi mtungini taratibu. Punje chache ziliganda kwenye kiganja chake kilicholowa machozi. Hakuzikung'uta. Alikifumba.